Kabla hujatafuta mtaji jitengeneze wewe kwanza: mwongozo kwa anayetaka kuanza biashara huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Haipiti wiki bila mtu kunitokea pale kibandani kwangu soko la Mwanjelwa, Mbeya, mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo au mdada wa mtaani kwetu, anashika shika mchele, anauliza bei, alafu anashusha sauti, "dada, na mimi nataka kuanza biashara ila sina mtaji." Huwa namuuliza swali moja tu, jana ulitumia shilingi ngapi? Wengi wanaangalia juu kama wanatafuta jibu kwenye bati. Sasa mdogo wangu, kama ya jana huijui, nikikupa laki tano leo mwisho wa mwezi tutaiulizia wapi?

Ndo maana nimekaa kuandika huu mwongozo. Nimefanya biashara kuanzia kubeba ndizi kutoka Kiwira mpaka saivi nauza mchele wa Kyela na wa Mbarali, nimeanguka, nimeamka, na nimeona wenye hela nyingi kuliko mimi wakifunga maduka huku mama mwenye sado tatu (vile vindoo vya kupimia) za maharage anasomesha watoto. Kilichowatofautisha ni tabia za mtu mwenyewe, na tabia zinafundishika, hata uwe na miaka 40 zinafundishika, ila lazima uzifanyie mazoezi kama anavyofanya fundi anayejifunza kushona. Fuata hizi hatua kwa mpangilio, usiruke ya kwanza ukakimbilia ya tatu.

HATUA YA KWANZA: Daftari siku 30, kabla hujauza chochote

Nenda dukani nunua daftari dogo, lile la kurasa chache linatosha. Kila siku kabla ya kulala andika ulichopata na ulichotoa, vyote, vocha, nauli ya bodaboda, andazi, hela uliyomtumia mdogo wako, makato ya kutuma na kutoa kwenye simu (haya usiyadharau kabisa, yanakula watu kimya kimya). Usijirekebishe kwanza, andika tu. Siku ya 30 jumlisha kwa mafungu, chakula, usafiri, simu, ndugu, starehe.

Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, tunaimba tangu shule ya msingi lakini wangapi tunaandika? Mimi nilipofanya mara ya kwanza niligundua vocha na soda vinanimalizia karibu elfu arobaini kwa mwezi na nilikuwa nimeshaapa kwamba sina hata buku ya kuweka akiba. Nililia kweli, maana nilikuwa nimezunguka kwa ndugu nikiomba mtaji wa elfu hamsini.

Faida ya pili ya hili daftari ni kwamba linakuzoesha kujiambia ukweli. Biashara itakuletea siku ambazo umeuza sana na mfukoni hamna kitu, na kama hujazoea kuangalia namba zako bila kuogopa utaanza kulaumu wachawi, majirani, serikali, wakati hela iko pale pale kwenye matumizi yako.

Ukiweza siku 30 bila kuruka hata moja, umeshapita wengi. Ukiruka siku nne tano anza tena moja, nasema hivi kwa upendo kabisa, kwasababu mtu akishindwa kuandika mistari mitano usiku hataweza kuamka saa kumi alfajiri mwezi wa sita na lile baridi la Uyole kuwahi mzigo.

HATUA YA PILI: Kaa sokoni bila kuuza

Chagua soko moja, Mwanjelwa, Soweto, Mbalizi, ukiwa Iringa nenda soko kuu, ukiwa Ilula kaa pale wanapopakia nyanya, ukiwa Makambako au Mafinga napo unajua sehemu zinapochangamka. Nenda siku sita tofauti, nyingine alfajiri, nyingine jioni wakati wanafunga. Kazi yako ni kuangalia na kuuliza. Mzigo unatoka wapi, unaingia siku gani, nani anauza jumla, kipi kinabaki jioni na kinapelekwa wapi, bei inapanda mwezi gani.

Hapa ndo utaanza kuelewa kwamba biashara za huku kwetu zinaenda na msimu. Mpunga wa Usangu na Kyela unavunwa kuanzia kama mwezi wa tano kuendelea, hapo mchele unashuka bei, ukifika mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili unapanda, mtu aliyenunua mapema akahifadhi vizuri ndo anacheka. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja barabara za vijijini kule Umalila zinakuwa utelezi, gari linakwama na mzigo, kwahiyo viazi vilivyo shambani vina bei moja na viazi vilivyofika mjini vina bei nyingine kabisa. Hayo mambo hayako kwenye semina, yako kwenye midomo ya watu waliokaa pale miaka.

Na tabia unayoijenga hapa ni kuuliza bila aibu. Wengi wetu tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hakai akiuliza uliza wakubwa, sawa, ila kuna namna. Salimia kwanza vizuri, shikamoo mama, pole na kazi, kama ni Mnyakyusa mwenzio mwambie ugonile, nunua hata kitu cha jero, alafu uliza swali moja tu. Kesho yake rudi uliza lingine. Usiende umesimama umeshika simu unaandika andika, watakuona mtu wa ushuru wakunyamazie.

Jipe na mazoezi ya kukataliwa. Kila siku omba kitu ambacho unaweza kuambiwa hapana, omba kupunguziwa bei, omba kusaidiwa kupanga mzigo bure ili ujifunze, omba namba ya dereva wa fuso. Hapana ya kwanza inauma, ya kumi unaisikia kama mtu kakwambia habari za saa hizi. Muuzaji anayeumia akiambiwa "bei yako kubwa" ataanza kujibu wateja vibaya na kibanda kitabaki na nzi.

HATUA YA TATU: Jaribu na hela ambayo ikipotea utaendelea kula

Sasa zile hela ulizoziokoa kwenye hatua ya kwanza, chukua sehemu, elfu thelathini, hamsini, sitini, fanya mzunguko mmoja mdogo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Usikope kwa ajili ya huu mzunguko. Nisikilize vizuri hapo, USIKOPE.

Ngoja nikupe hesabu yangu ya ndizi, bei zimeshabadilika sana kwahiyo angalia tu jinsi nilivyohesabu. Nilinunua Kiwira mikungu 8 kwa elfu sita sita, ikawa 48,000. Usafiri buku kila mkungu, 8,000. Ushuru na mtu wa kunibebea 4,000. Jumla 60,000. Mjini nikauza mikungu 6 kwa elfu kumi kumi, mmoja kwa 7,000 na mmoja ulikuwa umepondeka nikaachia kwa 3,000. Nikapata 70,000. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nimepata elfu kumi! Nikafungua daftari nikaandika nauli yangu 3,000 na chakula 2,500, ikabaki 4,500 kwa siku mbili za kuhangaika na ukungu wa pale Isyonje.

Mwingine hapo angeacha, angesema ndizi hazilipi. Mimi nikakaa na zile namba nikaona faida yangu imelala kwenye ile mikungu miwili iliyoumia njiani, kwasababu ingeuzwa elfu kumi kumi kama mingine ningepata 14,500. Safari iliyofuata nilipanda nyuma na mzigo, nikaweka majani makavu ya migomba chini na katikati, nikamwomba kondakta asiweke magunia juu. Haukupondeka hata mmoja. Hiyo ndo akili ya biashara ninayotaka uijenge, kuacha kusema "biashara ngumu" na kuanza kusema "nimepoteza elfu kumi kwenye usafirishaji, nifanyeje."

Fanya mizunguko mitano namna hiyo. Baada ya kila mmoja jibu kwenye daftari maswali matatu, nimebakiwa na nini baada ya kutoa kila kitu PAMOJA na nauli na chakula changu, kitu gani kimenila, na safari ijayo nabadilisha kitu gani kimoja. Kimoja tu, ukibadilisha vitano hutajua kipi kimesaidia.

HATUA YA NNE: Neno lako

Hapa ntakaa kidogo kwasababu naona ndo panapowaangusha wengi na ndo panaponiuma zaidi.

Huku kwetu biashara kubwa inaendeshwa kwa mali kauli. Unapewa mzigo, unauza, unarudisha hela, hamna karatasi, hamna dhamana, kuna neno lako tu. Mtu asiye na hela ila ana neno anaweza kufungua duka, na mtu mwenye hela asiye na neno atakuwa analipa keshi kila siku mpaka siku hela imekata na hakuna wa kumsogezea hata gunia moja.

Mimi mali kauli yangu ya kwanza ilitokea hivi. Nilikuwa nanunua mchele kidogo kidogo kwa mzee mmoja njia ya Igurusi, debe mbili, tatu. Siku moja alinirudishia chenji imezidi elfu kumi, nimeshafika Uyole ndo nahesabu naona imezidi. Hela ya kurudi sikuwa nayo, nikampigia nikamwambia mzee, umenizidishia, nakuja nayo Alhamisi. Alhamisi mvua ilinyesha kama nini, nikaenda. Yule mzee hakusema kitu, alipokea tu akaniambia ndaga, yaani asante. Mwezi uliofuata akanipakilia magunia matatu sijamwomba, akasema uza utaniletea. Ndo nilivyoingia kwenye mchele.

Sasa unafanyaje mazoezi ya neno? Anza na vidogo. Ukisema nakuja saa mbili fika saa mbili kasoro, na kama unaona utachelewa piga simu KABLA ya saa mbili, ukipiga baada ya saa mbili hiyo inakuwa kujitetea. Ukikopa buku kwa jirani rudisha siku ile ile uliyosema. Ukichukua mali kauli na soko limelala, nenda mwenyewe kwa mwenye mali siku ya ahadi hata na nusu ya hela, kaa chini, mwambie mzee mambo yako hivi na hivi, nusu nyingine nitaleta siku fulani. Watu wanasamehe kuchelewa, kuzima simu hawasamehi.

Na kipimo, jamani. Sado iliyobonyezwa chini, jiwe la mzani lililochezewa, mchele wa Kyela uliochanganywa na mwingine alafu unauzwa kwa bei ya Kyela. Mteja wa Mbeya anajua harufu ya mchele, atanunua mara moja, atapika, na hatakwambia kitu, atahamia kibanda cha pili na atawaambia jumuiya nzima. Hata kwa mkulima ni hivyo hivyo, kumjazisha lumbesa, lile gunia la kujazwa mpaka juu ya mdomo, ukijua kabisa gunia limepita kilo 100 ni kumwibia mama aliyelima kwa jembe la mkono, na sheria ya vipimo inakataza. Ukishindwa kupata faida kwa kipimo cha haki, hiyo biashara ibadilishe.

HATUA YA TANO: Jifunze kupata hasara

Itakuja tu. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaukumbuka moto wa 2006, watu walilala matajiri wakaamka hawana hata kandambili, na wapo walioanza tena na meza moja barabarani na leo wana maduka. Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa enzi hizo uliwezaje, akaniambia alikuwa na vitu viwili ambavyo havikuungua, wateja waliokuwa wanajua jina lake na wenye mali waliokuwa wanamwamini. Unaona tunarudi kwenye hatua ya nne.

Hasara yangu mimi ilikuwa viazi. Nilikuwa nimeshazoea kupata, nikajiona najua, nikachukua mtaji wote pamoja na ada ya mtoto nikanunua magunia 14 nikapeleka Tunduma kwasababu nilisikia bei imepanda. Nilisikia, sikupiga simu kuhakikisha. Nafika nakuta na wenzangu nao wamesikia, mafuso yamejipanga, bei imeanguka, na viazi vyangu vilikuwa vimenyeshewa njiani, siku ya tatu vikaanza kutoa maji. Nilirudi na hela isiyofika theluthi. Nililala ndani siku mbili sitaki kuona mtu.

Siku ya tatu jirani yangu akaja na ugali na dagaa, nikala, alafu akaniambia lete daftari lako. Tukagawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja tukaandika yaliyokuwa juu ya uwezo wangu, mvua, wingi wa mzigo sokoni. Upande wa pili makosa yangu mwenyewe, kutopiga simu, kutokuwa na turubai, kuweka mtaji wote kwenye mzigo mmoja, kugusa ada. Ule upande wa pili ulikuwa mrefu. Uliniuma lakini pia ulinipa nguvu, maana hayo yalikuwa mikononi mwangu na ningeweza kuyarekebisha.

Kwahiyo sheria zangu tangu hapo ni hizi: siweki zaidi ya nusu ya mtaji kwenye mzigo unaooza, napiga simu kwa watu wawili wasiojuana kabla ya kupeleka mzigo mji mwingine, na hela ya ada na ya kodi ya nyumba inakaa kwenye laini nyingine ambayo hata namba yake ya siri anaijua mume wangu tu. Wewe tengeneza za kwako, ila ziandike KABLA hasara haijaja, ukiwa umetulia.

HATUA YA SITA: Kukataa kwa heshima

Fupi hii. Ukianza kuonekana unauza, ndugu watajua una hela. Baba mdogo ana mgonjwa, shemeji ana kipaimara, rafiki ana mchango wa harusi. Usiwe mchoyo, na usiwe mjinga. Jiwekee fungu la ndugu kila mwezi kwenye daftari, likiisha sema kweli, "baba mdogo, mwezi huu fungu limeisha, hii iliyopo ni mzigo wa watu." Na kweli ni mzigo wa watu. Jilipe na wewe, hata elfu tatu kwa siku, hiyo ndo ya kula na kutoa, ya dukani usiiguse, hata chumvi ya nyumbani ikitoka dukani kwako iandike na uilipie.

Na kataa mikopo ya kausha damu. Marejesho kila siku au kila wiki, riba ya kutisha, wamekuja kubeba makochi na magodoro kwenye nyumba za watu ninaowafahamu. Hata biashara iwe nzuri vipi haiwezi kukimbia mbio na ile riba.

HATUA YA SABA: Sasa tafuta wenzako na mtaji

Ukiwa na miezi mitatu ya daftari, mizunguko mitano, na watu wawili watatu wanaoweza kukupa mali kauli, sasa ndo uongee habari ya mtaji. Anza na kikundi cha kuweka na kukopa cha watu mnaojuana, wanaokuja kwenye vikao kwa muda, ukiona kikundi mwenyekiti mwenyewe anachelewa toka. TIN, ile namba ya mlipa kodi, pale TRA (mamlaka ya mapato) haina malipo ya kuchukua, mtu akikuambia toa hela ya TIN achana naye. SIDO, lile shirika la serikali, wapo tangu 1973 na kazi yao ni viwanda vidogo, kama unawaza kusindika, karanga, unga wa lishe, juisi, sabuni, nenda kawaulize kuhusu mafunzo na mashine, nenda mwenyewe usisubiri kuambiwa. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale wengi tunaenda kula nyama choma, mwaka huu nenda na daftari, zungukia mabanda, uliza vifungashio vinapatikana wapi.

Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Njia yake inaanzia kwenye kata, kwa afisa maendeleo ya jamii, mnaenda kama kikundi. Msikusanyane siku mbili kabla kwasababu mmesikia hela imetoka, vikundi vya namna hiyo hela ikiingia tu wanagawana na baada ya mwezi hamna anayepokea simu, na anayebaki anadaiwa ni yule aliyesaini. Kaeni kwanza miezi kadhaa mkichanga kidogo kidogo muone nani analeta na nani ana visingizio.

Siku mnaenda kwa afisa, vaa vizuri, wahi mapema, na beba lile daftari la kurasa chache lililochakaa pembeni. Akikuuliza biashara yako inaingiza kiasi gani, mfungulie ukurasa.